Kutch: wilaya ya India ambako mto ulihama jioni moja

Chumbageni:

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nilimuahidi mtu tangu mwaka jana, kila nikikaa kuandika umeme unakatika au simu inazima. Leo nimejaza chaji, tusogee.

Niliwahi kuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi Tanga. Bosi wangu mzee wa Kihindi, kazaliwa Tanga hapahapa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Ila ukimwita Mgujarati anakunja uso: "Mimi Mkachi, bwana. Mgujarati yule kule mwenye vitambaa." Mimi nilikuwa naona ni maneno ya kibaguzi ya wao kwa wao, nikayapuuza.

Baadaye nikapata nafasi ya kusoma Rajkot, jimbo la Gujarat. Likizo moja nikapanda basi la usiku kwenda Bhuj, makao makuu ya Kutch, kwenda tu kuona huko kwa kina mzee. Nilipata siti ya dirishani. Alfajiri tukavuka daraja la Surajbari, nikafungua macho nikadhani naota: kulia na kushoto milima ya chumvi, meupe matupu, imerundikwa kama mchanga wa fundi, na malori yamepanga foleni chini yake. Hakuna mti. Upepo unapiga kioo na unaonja chumvi mdomoni hata dirisha likiwa limefungwa. Jirani yangu kwenye siti akaniambia kwa Kihindi cha taratibu ili nielewe: "Gujarat imeishia nyuma. Hapa Kutch."

Hapo ndipo nikamuelewa mzee wangu.

Kutch ni wilaya moja, lakini ndiyo kubwa kuliko zote India: kilomita za mraba 45,674. Chukua mkoa wetu mzima wa Kilimanjaro, uweke mara tatu, na bado inabaki nafasi. Watu wake kwa sensa ya 2011 walikuwa milioni 2 na ushei, yaani 46 kwa kilomita ya mraba, na kwa India hiyo ni sawa na kusema hakuna mtu. Sababu ni kwamba karibu nusu ya wilaya siyo ardhi ya kukaa. Ni Rann: uwanda wa tope na chumvi. Mvua za masika yao zikija, Juni hadi Septemba, Rann inakuwa bahari ya maji ya magotini. Zikiondoka inakauka, inabaki gamba jeupe la chumvi mpaka upeo wa macho. Kusini kuna Ghuba ya Kutch, magharibi Bahari ya Arabu, kaskazini Rann na ng'ambo yake Pakistani. Kwa hiyo ni kama kisiwa, ila kwa miezi michache tu kila mwaka.

Nitaendelea, nasikia naitwa kula.

Ngalawa Moja:

Naweka kambi hapa. Mleta mada usije ukala ukalala.

DebeTupu:

Wilaya kubwa kuliko mikoa yetu halafu DC mmoja? Gari la serikali linapata mafuta ya kutosha kweli?

Chumbageni:

Nimerudi. DebeTupu, swali lako nitalifikia. Kwanza mto.

Kona ya kaskazini magharibi kabisa kuna mji unaitwa Lakhpat. Wenyewe wanasema jina limetokana na *lakh*, ndiyo hiyo *laki* yetu, kwa sababu bandari ile ilikuwa inaingiza kori laki moja kwa siku. (Kori ilikuwa fedha yao ya Kutch.) Hesabu hiyo mimi naichukulia kama sifa za kujisifu, lakini mji ulikuwa na fedha kweli. Tawi moja la mto Indus lilikuwa linamwaga maji yake pale, mpunga unalimwa, vyombo vinaingia na kutoka. Mwaka 1801 mkuu wa majeshi, Jamadar Fateh Muhammad, akauzungushia ukuta wa kilomita 7.

Ugomvi na majirani wa Sindh ulikuwa umeshaanza kuwanyima maji, maana mtawala wa kule, Ghulam Shah Kalhora, aliweka vizuizi mtoni ili kuwakomoa. Lakini pigo lenyewe lilikuja tarehe 16 Juni 1819, jioni. Tetemeko. Ardhi kaskazini ya Lakhpat ikanyanyuka, tuta refu la makumi ya kilomita, mahali pengine kimo cha mita 6, likaukata mto. Wenyeji waliliita Allah Bund, Tuta la Mungu, kulitofautisha na matuta yaliyojengwa na watu. Upande wa pili ardhi ikadidimia, ngome ya forodha ya Sindri ikazama, askari wakaokolewa juu ya mnara wake.

Tangu siku hiyo Lakhpat haina mto. Leo ukifika unakuta ukuta mzimamzima, mrefu, umekumbatia vichaka. Ndani kuna familia chache, makaburi ya mawe yaliyochongwa, hekalu la Masingasinga (wanasema Guru Nanak alipita hapo), na kituo cha walinzi wa mpaka. Nilipanda juu ya ukuta mchana. Kwa nje ni tope la kijivu mpaka mwisho wa dunia. Mlinzi mmoja akanionyesha kwa kidole mahali ambapo jahazi zilikuwa zinafunga. Palikuwa na ngamia wawili wamelala.

Na sasa niambieni, mtu aliyezaliwa Lakhpat mwaka 1823, miaka minne baada ya mto kufa, anafanya nini na maisha yake?

BintiMakunduchi:

Anakuja Unguja 😀

Huyo ni Tharia Topan. Jengo lake ndilo lile la baraza za mbao pale Mizingani, watu wanaliita Zahanati ya Kale. Alianza kulijenga 1887, akafia Bombay 1891 kabla halijakwisha. Sisi tumelizoea tunapita tu.

Chumbageni:

Umepiga palepale, dada. Alikuja mtoto, akapanda mpaka akawa mshika forodha wa Sultani. Na kabla yake forodha ya Zanzibar ilishikwa kwa miongo kadhaa na nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia (jamii ya wafanyabiashara Wahindu) wa Mundra, bandari nyingine ya Kutch. Utaratibu wake ulikuwa hivi: unamlipa Seyyid kiasi mlichopatana kwa mwaka, halafu ushuru wote wa pwani ni wako. Ukikusanya zaidi, faida yako. Ukikusanya pungufu, shauri yako.

Na Sewa Haji, yule ambaye wodi ya Muhimbili inaitwa kwa jina lake, alizaliwa Bagamoyo lakini ukoo wake ni wa Kutch hukohuko.

Njia ilikuwa rahisi kwa sababu ya pepo. Kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha. Mandvi, mji uliosimamishwa na mtawala wa Kutch (cheo chake Rao), Khengarji wa Kwanza, karne ya 16, wanajenga vyombo vya mbao hadi leo kwenye mdomo wa mto Rukmavati. Nilikaa pale saa nzima nikimtazama fundi akipigilia pamba kwenye maungio ya mbao, anashindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, ileile kazi ya kukalafati unayoiona Pangani. Nikamuuliza mwenye chombo wanamwitaje. *Nakhwa*, akasema. Nahodha! Na anayejua nyota na njia? *Malam*. Huyo ni maalim, wakuu, mwalimu wa chombo. Mimi na yule fundi tulicheka bila kuwa na lugha moja.

Hata hundi tunayoandika benki ni neno lao: karatasi unayopewa Mandvi ukachukue fedha Zanzibar.

Kipanga wa Kisauni:

Hapa Mombasa kuna Wabadala, watu wa bahari, asili yao huko huko Kutch. Na Wakachi wanadai kwamba rubani aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi 1498 alikuwa wao, Kanji Malam. Waarabu nao wanamtaja Ibn Majid. Sisi wa Malindi tunasema tu: alitokea bandarini kwetu, basi.

Mkia wa Mjusi:

Mnasifia sana. Forodha hiyo ilikuwa inatoza ushuru kwa kila kichwa cha mtumwa. Mikopo ya misafara ya bara ilitoka kwa nani? Au hilo halimo kwenye uzi?

Chumbageni:

Limo, na umefanya vizuri kulitaja kabla yangu. Ndiyo, kichwa cha mtumwa kilikuwa na ushuru wake na vitabu vilikuwa vya Wakachi. Konsuli wa Uingereza, Rigby, alipoanza kuwabana Wahindi wa Zanzibar mwaka 1860, watumwa waliokombolewa mikononi mwao walikuwa maelfu. Wengi walijitetea kwamba wao ni raia wa Rao wa Kutch, siyo wa Mwingereza, hivyo sheria ya Mwingereza haiwahusu. Ikabidi Rao mwenyewe atoe tangazo kwamba watu wake waliopo Zanzibar wasiguse biashara hiyo.

Na wapo waliopelekwa upande wa pili. Kutch na Gujarat kuna Wasidi, watu weusi wenye asili ya huku kwetu. Walikuwa mabaharia na walinzi wa jumba la Rao. Wanaongea lugha za kule, lakini ngoma yao wanaiita *goma*. Bhuj nilikaa nao mezani kwenye mgahawa, mmoja akaniangalia mkono, akaangalia wake, akasema kitu jamaa zake wakacheka. Sikuambiwa maana yake na sikuuliza.

Mkia wa Mjusi:

Sawa. Endelea.

Afisa Mtendaji:

Turudi kwenye utawala, maana hilo ndilo lililonileta. Hiyo wilaya ilikuwa ya nani wakati wa mkoloni?

Chumbageni:

Ilikuwa ufalme. Ukoo wa Jadeja, mtawala anaitwa Rao, mji mkuu Bhuj tangu mwaka 1549 hivi. Mwaka 1819, mwaka uleule wa tetemeko (wakati mwingine nuksi haiji peke yake), Waingereza walimuondoa Rao Bharmalji wa Pili, wakamweka mwanawe mdogo, na kuanzia hapo kukawa na afisa wao wa kusimama pembeni na kunong'ona. Lakini Kutch ilibaki na bendera yake, forodha yake na fedha yake. Khengarji wa Tatu alikalia kiti tangu miaka ya 1870 mpaka 1942.

Kwa wapenda sarafu: yule mfalme wa Uingereza Edward wa Nane, aliyeacha ufalme 1936 kwa ajili ya mwanamke kabla hata hajavishwa taji, sehemu chache sana duniani ziliwahi kutoa sarafu zenye jina lake. Kutch ni mojawapo. Nyingine ni Afrika Mashariki yetu, zile senti 5 na 10 zenye tundu.

Uhuru ulipofika 1947 Kutch ikajiunga na India. Tarehe 1 Juni 1948 Rao akakabidhi utawala, na hapo wakaanza kuhamishwahamishwa kama faili: kwanza chini ya kamishna wa Delhi, halafu 1950 jimbo dogo la daraja la tatu, 1 Novemba 1956 wakatiwa ndani ya jimbo la Bombay, 1 Mei 1960 Bombay ikagawanywa na wao wakaangukia Gujarat. Ndani ya miaka 12 nchi ikawa jimbo, jimbo likawa wilaya. Shuleni watoto wanafundishwa Kigujarati, Kikachi chao, ambacho ni ndugu wa Kisindhi, hakimo hata kwenye orodha ya lugha za katiba. Sasa mzee wangu wa Tanga mnamuelewa?

Kuhusu DC. Anaitwa Collector, mkusanyaji, jina lililobaki tangu enzi za Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ambapo kazi yake ya kwanza ilikuwa kodi ya ardhi. Tofauti kubwa na kwetu: siyo mwanasiasa wa kuteuliwa. Ni mtumishi aliyefaulu mtihani wa taifa wa utumishi, na unaweza kumkuta ana miaka 30 na kitu. Ardhi, maafa, uchaguzi, amani, vyote vinaishia mezani kwake. Chini yake wilaya imegawanywa taluka 10: Bhuj, Anjar, Mandvi, Mundra, Abdasa, Lakhpat, Nakhatrana, Bhachau, Rapar na Gandhidham. Kila taluka ina *mamlatdar*, mwenye muamala, neno la Kiarabu lilelile letu. Kijijini kuna *talati*, ndiye anayeshika daftari la mashamba, na huyo ndiye wakulima wanamuogopa kuliko Collector.

Pembeni ya mstari huo kuna wa pili, wa kuchaguliwa: baraza la kijiji na mwenyekiti wake *sarpanch*, baraza la taluka, baraza la wilaya. Mtendaji wa baraza la wilaya ni mtumishi mwingine wa mtihani, kama mkurugenzi wetu wa halmashauri. Gujarat wanaendesha ngazi hizo tatu tangu 1963.

Na DebeTupu, mafuta hayatoshi. Ndiyo maana polisi wameigawa wilaya mara mbili, mashariki makao Gandhidham, magharibi makao Bhuj. Collector bado ni mmoja.

Afisa Mtendaji:

Mtendaji na mwenyekiti wa kijiji wanaelewana huko?

Chumbageni:

Kama hapa tu, mkuu.

Njoro wa Marigat:

Wadau, nimesoma mahali kwamba kuna mbuga ya nyasi maarufu huko inaitwa Banni, na kwamba imeliwa na mti wa miiba. Mti gani?

Chumbageni:

Kaa chini kwanza, maana ni jirani yako. Ni mathenge.

Njoro wa Marigat:

Acha mchezo!

Chumbageni:

Uleule, *Prosopis juliflora*. Idara ya misitu iliupanda Banni kuanzia 1961 kuzuia chumvi ya Rann isisogee. Wenyewe wanauita *gando bawal*, mgunga kichaa. Sasa umemeza sehemu kubwa ya malisho. Wafugaji wa pale wana nyati wao wa maziwa, nyati wa Banni, anayelisha usiku peke yake na kurudi asubuhi kukamuliwa. Ngamia wao wa pwani, Kharai, anaogelea baharini kwenda kula mikoko. Mifugo inayojua kuishi na hali ngumu, lakini mti ule umewashinda. Baadhi wamegeuka wachoma mkaa.

Njoro wa Marigat:

Hapa Baringo mbuzi waling'oka meno kwa maganda yake, hadi wananchi wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi. Walituambia ni mti wa kuokoa jangwa. Maneno yaleyale.

Ngalawa Moja:

Mbuzi kizimbani 🤣 nimemwaga chai.

BintiMakunduchi:

Tetemeko la 2001 je? Nakumbuka msikitini tulichangishwa.

Chumbageni:

Hilo ndilo kila mtu kule anahesabia umri. Tarehe 26 Januari 2001, sikukuu ya Jamhuri, saa 2 na dakika 46 asubuhi. Ukubwa 7.7. Kitovu kilikuwa taluka ya Bhachau. Waliofariki ni kama 20,000. Anjar watoto wa shule walikuwa kwenye gwaride na bendera zao, wamepita kwenye vichochoro vya mji wa kale, kuta zikawaangukia pande zote mbili.

Bhuj yenyewe ilikatika. Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia alinionyesha saa ya ukutani ya baba yake, haifanyi kazi, na hawaitengenezi. Hakusema zaidi, akaniuliza kama nakunywa chai na maziwa.

Kinachonivutia ni jinsi walivyojenga upya. Serikali iliunda mamlaka maalumu ya maafa ya jimbo, na badala ya kuwajengea watu makazi ya mistari kama kambi, wengi walipewa fedha kwa awamu wajijengee wenyewe, mhandisi anapita kukagua kabla ya awamu inayofuata. Bhuj, Anjar, Bhachau na Rapar zikapimwa upya, barabara zikapanuliwa. Na wahandisi wakagundua kitu ambacho bibi zao walikuwa wanakijua: nyumba za msonge za Banni, *bhunga*, za udongo, mviringo, zilisimama huku ghorofa za saruji zikilala.

Halafu kuna Ajrakhpur. Dhamadka walikuwa mafundi wa kupiga chapa vitambaa vya *ajrakh*, buluu ya nili na nyekundu. Baada ya tetemeko maji ya visima yao yakabadilika, madini ya chuma yakazidi, rangi zikaharibika. Baadhi yao wakahama wakajenga kijiji kipya karibu na Bhuj penye maji mazuri. Mnaona mambo ya maji yanavyorudi? Hata mwaka mpya wao, Ashadhi Bij, hauko Januari wala Diwali. Uko pale mvua inapotarajiwa kuanza. Na watu wa Dholavira, mji wa kale ulioko kwenye kisiwa cha Khadir katikati ya Rann, walichonga matangi makubwa kwenye mwamba zaidi ya miaka 4,000 iliyopita kukusanya mvua. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2021. Maji ya mto Narmada kwa mabomba ndiyo yamefika 2003.

Kipanga wa Kisauni:

Na fedha? Maana Wahindi wa ujenzi hapa Kenya, wale Wapatel, ukiwauliza kwao ni wapi wanasema Baladia, Kera, Madhapar.

Chumbageni:

Ndio haohao, vijiji vya kuzunguka Bhuj. Madhapar ukifika unashangaa: kijiji, lakini benki zimepangana kama maduka ya simu, fedha za walioko Nairobi na London. Jumba kubwa, geti limefungwa, mlinzi peke yake anamwagilia maua. Mwaka 1971 vita na Pakistani, uwanja wa ndege wa Bhuj ulipigwa mabomu, wanaume wengi hawapo, wanawake kama 300 wa Madhapar wakautengeneza kwa saa 72, wanajifunika kwenye vichaka king'ora kikilia.

Upande wa bandari, baada ya India kuipoteza Karachi mwaka 1947, Kandla ndiyo ilijengwa kuziba pengo, na pembeni yake mji wa Gandhidham kwa ajili ya wakimbizi Wasindhi, kwenye ardhi aliyoitoa Rao. Baada ya 2001 serikali ikasamehe kodi viwanda vipya, Mundra ikalipuka, leo ni ya kampuni binafsi na inapitisha mzigo mwingi kuliko bandari nyingi sana za India. Wavuvi wa pale wana malalamiko yao, uzi mwingine huo.

DebeTupu:

Chakula? Hujasema chakula.

Chumbageni:

Dabeli. Asili yake Mandvi. Mkate wa mviringo unachanwa, unapakwa chatne ya ukwaju na ya kitunguu saumu, viazi vilivyopondwa na masala, karanga za pilipili, punje za komamanga, kisha unakaangwa kwa siagi kwenye bati. Muuzaji anakukabidhi kwenye kipande cha gazeti. Nilikula nne stendi ya Bhuj nikakosa basi.

Ngalawa Moja:

Mkuu, nimeenda kufukua kasha la bibi yangu tangu uliposema sarafu. Ipo moja ya 1936! Maandishi siwezi kusoma vizuri. Ni kori?

Chumbageni:

Ina tundu katikati?

Ngalawa Moja:

Inalo.

Chumbageni:

Hiyo ni senti yetu, kori haina tundu. Soma pembeni kama imeandikwa Edwardus, na usiisugue kwa majivu.